Wasifu wa Mama Gundi, Aliyekatazwa Kusema "Tatizo"

Marehemu, ambaye nyote mlimwita Mama Gundi, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1959, mtoto wa tatu wa mlinzi wa shule na mshona nguo. Walikaa chumba kimoja ndani ya uzio wa shule, ukuta mmoja na darasa la kwanza. Mama yake alisema alijua kuhesabu mpaka ishirini kabla hajamaliza kuota meno, kwa kusikiliza ukutani.

Anayeandika haya ni mimi mumewe. Sikusoma, kwa hiyo yatakuwa mafupi. Binti yetu wa kwanza atayasoma. Nimemwomba asinirekebishe.

Marehemu alianza shule Januari 1966, akamaliza elimu ya msingi mwaka 1972. Alifaulu kuendelea. Mwaka huo baba yake alikuwa mgonjwa kitandani, na aliyeambiwa abaki kumhudumia ni yeye. Kaka zake walikwenda. Jambo hilo halikumtoka rohoni. Kila karatasi iliyopita mkononi mwake aliisoma, hata ile iliyofungia sabuni.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, chumba cha majalada. Kazi yake ilikuwa kukunja kurasa, kushona migongo ya vitabu na kupaka gundi. Aliifanya miaka arobaini na miwili, kwenye meza ya pili kutoka dirishani, amesimama. Kama nyumbani kwenu kuna kitabu cha zamani ambacho hakijaachia kurasa, huenda ni mkono wake.

Mwaka 1979 niliitwa pale kiwandani kutengeneza mbao za kubania vitabu vikauke. Nikampa mkono kumsalimia. Hakuniambia kwamba vidole vyake vina gundi. Mikono ikaganda.

"Sasa dada, tunafanyaje?"

"Unaniuliza mimi? Fundi si wewe?"

Wenzake walicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Agosti 1980. Kwenye cheti yeye aliandika jina, mimi niliweka dole gumba. Hakunicheka siku ile wala baadaye. Aliniita Fundi mpaka mwisho.

Mwaka 2013 kiwanda kilianza kuchapa vitabu vya kujiendeleza. Namna ya kuamka mapema, namna ya kushinda woga, namna ya kupanda cheo, namna ya kujua mwenzako anawaza nini. Nakala zilizoharibika waliruhusiwa kuchukua. Alikuja nazo nyumbani moja moja. Nilimtengenezea rafu, ikajaa, nikaongeza ya pili.

Sivilaumu vyote. Kimoja kilisema ukitaka mtu azoee jambo jipya, liweke pale mkono wake unapofika wenyewe. Akaweka daftari na penseli ndani ya sanduku langu la zana, juu ya msumeno. Kila asubuhi nakuta mstari mmoja wa kunakili.

"Mama, toa daftari lako kwenye zana zangu."

"Nakili kwanza, Fundi. Halafu utalitoa mwenyewe."

Nilijua kuandika nikiwa na miaka sitini na tano. Kitabu kingine kilisema umsikilize mtu mpaka amalize, ndipo umjibu. Jioni moja akakaa mbele yangu, akanyamaza, nikamweleza habari za kifo cha mama yangu. Tulikuwa na miaka thelathini na tatu ya ndoa na sikuwahi kumweleza. Kwa hiyo sitaandika hapa kwamba vitabu ni vibaya.

Lakini mwaka huohuo alikuja meneja mpya. Naye alisoma vitabu hivyo, au alisoma majalada tu, sijui. Wafanyakazi walimwita Bwana Fursa. Kila siku saa moja na nusu asubuhi aliwakusanya, kila mmoja ataje somo alilolipata kitabuni. Kisha akapiga marufuku neno "tatizo". Alisema akili ikisikia tatizo inalala. Neno likawa "changamoto". Ukiteleza, unarudia sentensi mbele ya wote mpaka itoke vizuri.

Fundi mitambo alisimama siku moja. "Bosi, mashine ya kukatia ina tatizo."

"Ina nini?"

"Ina changamoto."

"Safi kabisa. Endelea na kazi."

"Nitaendeleaje, bosi? Changamoto imekata mkanda."

Marehemu alinisimulia hayo akicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Mimi pia nilicheka. Tulidhani ni mchezo.

Neno likahamia nyumbani. Paa lilipovuja aliniambia paa lina changamoto. Nikamwambia, "Mama, linavuja." Mjukuu alipofeli hesabu, changamoto. Jirani alipofiwa, changamoto. Alikuwa ameahidi pale kiwandani kuacha lile neno jingine, na yeye akiahidi hukaza, kama alivyokaza migongo ya vitabu.

Ugonjwa ulianza Machi 2017. Maumivu chini ya mbavu upande wa kulia. Gauni lake la kazini alilipunguza kwa mkono wake, na baada ya miezi mitatu akalipunguza tena. Nilimwona akishona. Sikusema kitu.

Aliomba akae wakati wa kazi. Meneja alimpa kitabu cha uvumilivu, akamwambia asome sura ya nne. Nikamtengenezea kigoda, kimo cha meza yake, nikakilainisha vizuri. Kilikaa kiwandani siku mbili. Siku ya tatu alirudi nacho kwapani. Meneja alisema akikaa mmoja, wote watataka kukaa.

"Nilimwambia nimechoka," alisema. "Akaniambia hiyo ni changamoto ya mtazamo."

Agosti nilimpeleka zahanati. Daktari alikuwa kijana mwenye foleni ndefu mlangoni. Akamuuliza, "Mama, una tatizo gani?"

Marehemu akakaa wima. "Sina tatizo, daktari. Nina changamoto ndogo ya tumbo."

Daktari akaandika. Akampa dawa za vidonda vya tumbo, akaita mwingine. Mimi nilikuwa kwenye benchi, pembeni yake. Kukaa kule nilikaa kama mzigo uliosahauliwa. Nilijua habari za gauni. Nilijua kwamba analalia upande mmoja tu. Midomo yangu sikuifungua. Baada ya mwezi, vidonge vilipoisha, alirudi peke yake, akasema maneno yaleyale, akapewa vilevile.

Juni 2018 alianguka mezani kwake, kichwa juu ya kurasa mbichi. Ndipo tukafika hospitali kubwa. Ilikuwa saratani ya ini, imeshaenea. Daktari mkuu alituuliza, "Mbona mmechelewa hivi?" Binti yetu alinitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha kumi na moja. Ijumaa moja mchana, watoto wameshuka kununua maji, alinishika mkono.

"Fundi."

"Naam."

"Nina tatizo."

Lilikuwa halijamtoka kinywani kwa miaka mitano. Nikamwambia, "Najua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipopunguza gauni mara ya kwanza."

"Sasa mbona hukusema?"

Nikamjibu kweli. "Wewe ndiye uliyesoma. Nilidhani unajua."

Hakunijibu. Hakuuachia mkono wangu, lakini hakunijibu. Nimekuwa nikilisubiri jibu hilo tangu siku ile.

Mama Gundi alifariki Jumanne tarehe 6 Novemba 2018, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Ilikuwa imebaki miezi mitano astaafu.

Jana kiwanda kilileta shada la maua, pamoja na sentensi wanayotaka ichapwe kwenye programu ya mazishi. Ilisema marehemu "alipambana kishujaa na changamoto za kiafya na kuwa mfano kwa wafanyakazi wenzake." Binti yangu aliniuliza, "Baba, tuiweke? Si maneno mazuri tu?"

Nimeikata kwa penseli ileile ya kwenye sanduku la zana. Shada tumepokea. Sentensi hapana. Mke wangu hakuwa na changamoto. Alikuwa na tatizo, watu walimkataza kulitaja, na mimi niliyeliona sikulitaja.

Ameacha mume, mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja, wajukuu saba, dada mmoja, kaka wawili, na wenzake wa chumba cha majalada, ambao leo wameomba ruhusa wakanyimwa, na wamekuja. Mistari hii ya mwisho naiandika hapahapa makaburini, ninawaona pale nyuma. Asanteni.

Vitabu vyake viko palepale kwenye rafu. Anayetaka aje achukue. Daftari ninabaki nalo.

Kigoda nimekileta hapa, nimekiweka kichwani pa kaburi, na asikiondoe mtu. Amesimama vya kutosha. Akae sasa, apumzike.