Sauti ya nne imepotea Bungulu

Kijiwe chetu cha Bungulu, mjini Beni, ni ubao mmoja juu ya bidon mbili tupu za mafuta, mbele ya dirisha la Mathe, na thermos ya kahawa pembeni. Asubuhi ile kulikuwa na bafle jipya, sanduku la spika la mbao, ambalo Mathe alilipigilia misumari mwenyewe ili kuzipa makao haut-parleur mbili alizozitoa kwenye minibus iliyokufa. Mathe analima kakao, na kila Jumapili anaimba sauti ya nne, basse, ile ya chini kabisa, parokiani. Mama yake, Mama Kaswera, miguu imemkatalia. Misa anaisikia nyumbani, kwa radio ndogo. Mwaka mzima radio ile imemletea sauti za wanawake tu. Basi amekata kauli: mwanawe haendi kuimba, anaenda kunywa.

— Nimeweka enregistrement ya misa ya Jumapili mara kumi, mama asikie, Mathe alisema. Basse haitoke. Ni kama nzi mu mukebe. Mama anasema, “Niliambia weye, hauko pale.”

— Ni hii Beni, akasema Tshibangu, karani wa serikali kutoka Kasaï, tunayemwita Ingénieur kwa sababu ana stylo nne za wino mfukoni. Joto ya hapa inapandisha sauti ya chini, inaikwamisha ku mabati. Peleka bafle Butembo, baridi itaikalisha.

— Na mama nimupeleke pia?

— Science haina huruma, papa.

— Hapana! akaruka Turbo, mwendesha moto, pikipiki ya abiria. Hizi haut-parleur zilizoea barabara. Unaziweka chini, zinaogopa. Tufunge bafle ku moto yangu, tuzunguke rond-point mara tatu.

— Mais batu ba zamani balisema, debe tupu haliachi kuvuma, akasema Ingénieur. Mathe, ulitia nini ndani?

— Majani ya ndizi.

— Voilà! Toa!

Alitoa. Halikuvuma.

— Donc ni luga, Turbo akasema. Mu minibus zilikuwa zinapiga Lingala tu. Nyimbo ya misa hazijue.

— Zibatizwe, akasema Ingénieur, bila kucheka.

Ndipo akafika Jemima, mshonaji aliyehamia wiki ile kutoka Mangina, na kikombe chake mkononi. Aliliinua bafle, akalichungulia chini.

— Samahani, baba. Hii matundu yote ni ya nini?

— Ya kutoa maji, Mathe akajibu haraka. Kila sanduku ya kakao inakuwa nayo. Unafunika na majani, kakao inachacha, maji inatoka.

— Ndiyo. Na bafle inatoa maji gani?

Turbo alitazama moto yake. Ingénieur alihesabu stylo zake. Mathe aliitazama mikono yake: inajua sanduku moja tu, na ndilo iliyolijenga.

Jemima alileta vitambaa, Turbo akakimbilia colle, gundi ya mbao. Waliziba matundu yote, wakangoja gundi ikauke, wakaunganisha ampli, mashine ya kukuza sauti, wakaweka misa tena. Ubao ukatetemeka chini yetu.

— Mathe! sauti ikatoka dirishani.

— Eeh, mama!

— Ule mwanaume anachelewa ku kila mustari, wenzake banafika, yeye bado iko njiani. Ni weye?

— Ni miye, mama! Mathe alipiga kelele kama mtu aliyesifiwa na askofu. Ni miye kabisa!

— Rudisha, nisikie tena.