Mwalimu Nafuna, Aliyemjua Pweza wa Vilindi

Wasikilizaji wapendwa, popote mnaponisikia jioni hii, jikoni, dukani, au kando ya kitanda cha mgonjwa, karibuni tukae pamoja. Mimi ni Mumbi. Leo tunamkumbuka mwalimu. Jina lake ni Maxine Nafuna. Alifundisha biolojia Thika, akaishi Gitothua, kule Ruiru. Jumamosi iliyopita alizikwa kwao Kimilili.

Mwalimu Nafuna alizaliwa Kamenu, hapo Thika. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha matunda, Eneo la Viwanda, na alirudi nyumbani vidole vimechubuka kwa asidi ya mananasi. Dada yake mdogo, Mitchell, anasema Maxine alivishika vidole hivyo na kuuliza ngozi inaota vipi tena. Kila siku alikuwa na swali jingine.

Maswali hayo yalimfikisha chuo kikuu, akasomea wanyama. Baadaye alipata nafasi ya masomo ng'ambo, na huko akapanda meli ya utafiti. Hapo ndipo alipokutana na pweza.

Huyu si pweza mnayemjua, wasikilizaji, yule anayeuzwa sokoni Mombasa. Huyu anaishi chini kabisa, mahali jua halifiki na maji ni baridi kama ya friji. Hana wino wa kumrushia adui, kwa maana katika giza lile wino ungeficha nini? Watafiti waliteremsha mashine yenye kamera na taa, nao wakakaa juu melini wakitazama skrini. Wakamwona mama pweza amejikunja juu ya jiwe, mikono yake imefunika mayai.

Mwalimu alilisimulia hili mara nyingi. Pweza wa aina hiyo, alisema, aliwahi kufuatiliwa na wanasayansi kwa zaidi ya miaka minne, juu ya jiwe lile lile, na mayai yale yale. Zaidi ya miaka minne. Kila waliporudi walimkuta. Hawakumwona akila hata mara moja. Kaa wakipita karibu, aliwasukuma kando. Ngozi yake ilipauka, macho yakaingia ukungu. Siku moja wakakuta maganda matupu yameshikamana na jiwe. Watoto walikuwa wameondoka, na mama hayupo.

Melini, Mwalimu Nafuna aliambiwa angeweza kubaki. Lakini mama yake alikuwa ameanza kuugua, akarudi nyumbani. Bahari ile hakuiona tena. Alifundisha Thika mpaka mwisho, na wasichana aliowafundisha walimwita Madam Pweza. Alijua, na hakukataa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nimlete hewani leo.

Mwaka mmoja, siku ya kina mama, kanisa lao la Gitothua lilimwomba aseme machache. Akawasimulia habari za pweza. Mitchell alikuwepo. Anasema wanawake walilia, na mchungaji akasimama akahubiri kwamba mama wa kweli hujimaliza kwa ajili ya wanawe. Watu wakaitikia amina.

Aliyesikiliza kuliko wote alikuwa jirani yao, Kavata, mshonaji nguo, mama wa mtoto mmoja. Miezi michache baadaye mtoto huyo, msichana mdogo, alishikwa na homa ya uti wa mgongo akalazwa. Kavata alikaa kando ya kitanda. Mumewe, Lenny, alileta chakula asubuhi na jioni, na kila mara akakirudisha nyumbani kilivyokuja. Kavata alikuwa akinywa maji tu. Siku moja alianguka wodini. Lenny alipomsihi, alimjibu kwamba hata pweza hakula.

Lenny alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Nafuna. Mitchell anasema dada yake aliposikia maneno hayo alikaa chini, kisha akachukua koti.

Nilimtafuta Kavata wiki hii. Alinieleza kwamba Mwalimu aliingia wodini, akavuta kiti, akamwambia hivi:

"Kavata, ile stori niliisema nusu. Wamechunguza jamaa zake, wale wa maji ya juu. Pweza ana tezi karibu na macho. Akishataga, hiyo tezi inamzimia njaa, inamwandaa kufa. Wakiitoa, anaanza kula tena. Hajachagua, ni mwili wake. Wewe hiyo tezi huna. Wewe unasikia njaa, sindio?"

Kavata alisema ndiyo, anasikia.

"Basi hiyo njaa ni ya nini? Ni ndio uishi. Huyu mtoto akipona atataka mama. Kula, mimi nimeketi hapa. Simwondolei macho."

Kavata alikula. Kisha akalala kwenye benchi, na Mwalimu Nafuna akabaki na mtoto mpaka kukapambazuka, halafu akaenda darasani. Yeye, Lenny na Mitchell wakawa wanapokezana. Mtoto alipona. Sikio moja halisikii vizuri, lakini alipona, na sasa yuko sekondari.

Jumapili iliyofuata, Mwalimu aliomba nafasi tena kanisani. Hakumgombeza mchungaji. Alieleza habari za ile tezi, polepole, kama alivyokuwa akieleza darasani, akasema pweza wa vilindi yuko peke yake na hana la kufanya, lakini Gitothua kuna watu. Kisha akaketi. Mitchell anasema hakuna aliyesema amina siku hiyo, ila baada ya ibada wanawake kadhaa walimzunguka, na kila mmoja alikuwa na mgonjwa nyumbani.

Mwaka jana Mwalimu Nafuna aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Aliuguzwa nyumbani. Mitchell ananiambia kwamba dada yake hakukubali auguzwe na mtu mmoja. "Alisema nikichoka nitamchukia, na hataki kufa akichukiwa. Nilicheka, nikalia." Wanawake wa kanisa walikuja kwa zamu. Maxine Nafuna aliaga dunia akiwa na umri wa miaka arobaini na saba, mchana, mvua ikinyesha, Mitchell akiwa amelala chumba cha pili. Waliokuwa kwenye zamu walimwamsha kwa upole.

Kwa Mitchell, kwa jamaa wote wa Kimilili na Kamenu, kwa walimu wenzake na wasichana wake: poleni sana. Mungu awafariji, naye ampumzishe Mwalimu mahali pema.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tafakarini jambo moja. Katika ploti yenu kuna mtu anayeuguza. Mnamjua. Mlango wake umefungwa, na nyote mnamsifu kwamba ni jasiri. Zima redio sasa. Nenda ugonge.