Hesabuni Vichwa, Siyo Vioo

Mgeni rasmi, Naibu Mkuu wa Elimu wa wilaya,

Mwezi uliopita mtoto aliachwa mlimani, na kishikwambi chake kikarudi salama. Sisi waongoza farasi wa Kok-Bulak tumelikalia jambo hilo rohoni, leo tunalisema mbele yako. Karibu. Maziwa ya farasi yapo, kunywa kwanza.

TULIKOTOKA

Miaka kumi na moja tunawapandisha wanafunzi kwenye safari za mafunzo. Vishikwambi vilipokuja hatukuvikataa. Mtoto anaelekeza kioo kwenye ua, kinamtajia jina. Kwenye mwamba, kinamtajia umri wake. Hata sisi tulijifunza.

KILICHOTUUDHI

Siku ile Aizirek, wa miaka kumi, alichoka mkono, akampa mwenzake kishikwambi amtilie mkobani. Akabaki nyuma akichora kwa penseli ua ambalo kioo kilishindwa kulitaja.

Wakati wa kushuka mwalimu hakuhesabu watoto. Alitazama kioo chake, kinachohesabu vishikwambi vilivyo karibu. Mwenzetu Sultanaaly akamwambia, "Mwalimu, watoto hawajatimia."

"Wametimia, mzee. Si hawa hapa, ishirini na wawili? Nenda kahesabu kondoo zako."

"Kondoo zangu hawapotei, mwalimu."

Watu wakacheka. Sultanaaly akanyamaza, na sisi sote tukanyamaza, maana mwalimu ana shahada na sisi tuliishia darasa la saba. Aibu hiyo ni yetu, hatumsukumii mtu.

Theluji ikaanguka. Alfajiri Sultanaaly alimkuta Aizirek kajikunja nyuma ya jiwe, daftari kifuani, kiatu cha kushoto kimechukuliwa na kijito.

TUNACHOTAKA

Umetuletea maboksi mengine ya vishikwambi, na kesho kundi jingine linapanda. Mheshimiwa, hatubembelezi. Farasi hawatoki zizini mpaka mwalimu akubali kumgusa kila mtoto begani, kupanda na kushuka, na mmoja wetu ahesabu nyuma yake. Sisi kondoo mia nne tunawagusa kila jioni. Watoto ishirini na wawili mnashindwaje? Liandikwe, utie sahihi, leo hii.

Njia yako iwe nyeupe, mgeni wetu, na wanao wakute moto umewaka nyumbani.

Ni sisi, Waongoza Farasi wa Kok-Bulak.

Vishikwambi vilivyorudi siku ile: ishirini na viwili. Watoto waliorudi: ishirini na mmoja. Vidole vilivyobaki kwenye mguu wa kushoto wa Aizirek: viwili.