Kitu Kisichouzwa

Kwenye basi la kutoka Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika mjini Guangzhou, China, dada mmoja wa Mbeya, furushi la jinzi miguuni, alikuwa akipigia mistari kijitabu cha mji wa Aarhus, Denmark. Jirani yake, Mkenya aliyejitambulisha kwa jina la Kamande, alichungulia bila kualikwa. Nami, kiti cha nyuma yao, nilichungulia, sikatai.

"Makumbusho matatu na kumbi mbili za maigizo," dada alimwambia. "Mdogo wangu anasoma huko. Mwezi wa sita naenda, na kote nitaingia."

"Na huko wanauza nini?"

"Hawauzi. Unaangalia tu."

"Upande ndege ukaangalie tu? Aki dada, hata sampuli hutarudi nayo?"

"Miaka sita Guangzhou, kila nilichokiangalia nimekiulizia bei. Sasa nataka kuangalia kitu kisichouzwa. Nitaenda, kaka."

Kamande alifungua mdomo amjibu, ila basi lilisimama na polisi wakapanda kukagua pasipoti, kama ilivyokuwa kila mara mwaka ule wa 2009. Akashuka kwa mlango wa nyuma bila kuaga. Dada alichomoa pasipoti yake katikati ya kijitabu, akaacha kidole palepale, ukurasa usimpotee.