Kibao cha Seremala

Basi lilipoondoka kituoni, fundi seremala alikuwa amepakata kibao chake kipya, rangi haijakauka sawasawa: SAMANI ZA MCHONGO. Mama muuza vitambaa aliyekaa naye alikisoma, akaguna.

"Kaka, hicho ndicho utakachotundika mlangoni? Watu watasema unauza viti feki."

"Mchongo ni kazi ya patasi, dada. Baba yangu alichonga, nami nachonga."

"Huo ni wa baba yako. Mwanangu akipata kibarua anasema kapata mchongo. Na jirani yangu alijifunga bandeji ili asiende kazini, mtaa mzima ukamwita mgonjwa wa mchongo."

Fundi alikitazama kibao chake. Alikuwa ameacha ajira kwa ajili ya karakana hiyo, na kesho ndiyo anafungua. "Kwani kitu kikichongwa kinakuwaje cha uongo?"

"Hata maneno huchongwa, kaka."

"Basi wachonga maneno watafute jina lao. Sisi tuliwatangulia."

"Neno likishaazimwa ni kama sufuria. Hata likirudi, limeshaungua."

Abiria wa nyuma akacheka. Fundi hakucheka. Basi liliposimama alishuka amekikumbatia kibao, maandishi yakiwa yameelekea kifuani. Mama akachungulia dirishani.

"Kesho nitapita nikalie kiti kimoja. Nikianguka, nitawaambia watu ni mchongo upi."

Fundi akakigeuza kibao, maandishi yakatazama barabara. Rangi mbichi ilikuwa imeshashika shati, kwa hiyo alikwenda na neno lake mara mbili.