Kopo Lililobaki Tupu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bwana Meneja wa makao haya ya wazee, Mama Dawa tunayemuaga leo, Dada Mkuu wa wauguzi, wazee wetu, na ndugu wa wazee mliojitokeza kwa wingi baada ya kusikia kuna soda: nawasalimu kila mtu kwa cheo chake, na asiye na cheo asogee huku kwangu. Mbele yenu amesimama kijana aliyeiacha shule kabla shule haijamwacha, lakini ambaye peke yake, kwa mikono hii na toroli la dawa lenye gurudumu bovu, ameponya ugonjwa uliowashinda madaktari. Ugonjwa wenyewe ni ukaidi. Tangu nikabidhiwe toroli, hakuna mzee anayekataa dawa ndani ya jengo hili. Makofi, tafadhali. Hamkusikia? Makofi!

Kwa wageni, nieleze. Mama Dawa ni mfamasia wetu, na dirishani kwake amepanga makopo saba ya maziwa ya unga. Dawa ikimletea mzee shida, anaandika kikaratasi na kukitia kwenye kopo lake: dawa isiyo na kazi, dawa anayoihitaji na hapewi, dawa ambayo siyo, dozi ndogo, dozi kubwa, dawa inayomdhuru, na la mwisho, mzee anakataa. Kila mwezi kamati inayamwaga mezani na kubishana. Bwana Meneja ana msemo wake: "Tatizo lisilo na kopo si tatizo." Maneno mazito hayo, bosi. Yaandikwe getini.

Mnamkumbuka Mzee Dereva, aliyeendesha magari moshi? Alipewa kidonge cha kutoa maji mwilini, anywe jioni. Usiku kucha akawa njiani kwenda chooni. Tukasema kibofu kimezeeka, akaongezewa dawa ya kibofu. Ikamkausha mdomo, tukampa peremende. Sukari ikapanda, ikaja dawa ya sukari! Kamati ikakaa. Dada Mkuu akasema ni kopo la dozi, daktari akasema ni la madhara, Bwana Meneja akauliza kama kamati ina bajeti ya kopo la nane. Mzee Dereva akasimama katikati yao, "Wanangu, nyie bishaneni, mimi naomba njia!" Nani aliyemaliza ubishi? Mama Dawa. Alikihamishia kidonge asubuhi, akafuta vingine vyote, na mzee akalala kama mtoto. Mama, kwa hilo peke yake ulistahili keki kubwa kuliko hii.

Lakini kopo la saba, la wakaidi, lilikuwa likifurika, na aliyelifurisha ni Bibi Cherehani, mshonaji wetu mstaafu. Ndiye yule pale mbele, anayesinzia. Usicheke, kaka, hata hotuba ya Mgeni Rasmi aliilalia. Kidonge chake cha maumivu ya mgongo ni kinene. Kila asubuhi ilikuwa vita.

"Bibi, meza."

"Mjukuu wangu, kwa unene huu, nikimeze mimi au kinimeze?"

"Bibi, utaniharibia kazi."

"Kazi yako na koo langu, kipi kilianza kuzaliwa?"

Basi nikatumia akili yangu ya kuzaliwa. Kopo la saba likakauka. Bwana Meneja akalipiga picha likiwa tupu, akaitundika mapokezi, nami nikapewa cheti cha Mfanyakazi Bora. Kiko sebuleni kwa mama yangu, juu ya televisheni.

Hakuna aliyeuliza akili gani. Nilikuwa nakiponda kwa mgongo wa kijiko, nakikoroga kwenye uji wake.

Juzi Mama Dawa alikuwa akimwelekeza mfamasia mpya, nami nimeegemea toroli. Akakiinua kidonge kile kile, akasema: "Hiki kimetengenezwa kiyeyuke polepole mpaka jioni. Kisipondwe kamwe. Ukikiponda, nguvu ya siku nzima inaingia kwa mkupuo mmoja, inamlaza mtu kutwa." Nilitaka kusema. Cheti kikaniziba mdomo. Jana sikumwekea kwenye uji, lakini leo zamu haikuwa yangu, na mwenzangu niliyemfundisha ujanja wangu aliushika vizuri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, usingizi wa Bibi haukuwekwa kwenye kopo lolote. Kamati ilisema ni uzee. Mwanawe alisafiri kutoka mbali, akakaa kando ya kitanda amepakata kofia yake, akimwita, "Mama. Mama, ni mimi." Bibi hakufumbua jicho. Mlangoni akaniuliza kama kuna haja ya kuja tena, kwa sababu mama yake ameshaondoka. Nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu: "Ni uzee tu, kaka. Usijisumbue."

Mama Dawa, kabla hujakabidhi funguo, mkague Bibi leo hii, na mfamasia mpya amtafutie dawa anayoweza kumeza. Dada Mkuu, naomba namba ya yule kaka, nimpigie mwenyewe. Bwana Meneja, ile picha iteremshe. Nawashukuru kwa masikio yenu, na makofi niliyowaomba mwanzoni nayarudisha. Bibi hakuwahi kukubali dawa, na uzee haukumlaza. Ni mimi.