Stamatia na Maharamia Wake

Jumamosi hiyo benchi la mbele ya duka la kahawa la Lefteris, huku milimani katika kisiwa cha Naksosi, Ugiriki, lilikuwa na kesi. Kesho yake mjukuu wa Lefteris angebatizwa, na mila inajulikana: binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba. Yaani Stamatia, mke wa Lefteris, aliyekuwa ndani akichemsha kahawa. Mpaka hapo mtoto aliitwa Bebe tu, maana jina halitamkwi kabla ya maji ya ubatizo. Lakini Myrto, mkaza mwana wao kutoka Athene, alikataa kumbandika mwanawe jina lenye maana ya kusimamisha mpaka aambiwe lilisimamisha nini. Lefteris hakuwa na usingizi tena. Mjukuu akiitwa jina jingine, yeye angeuficha wapi uso wake? Akawaomba msaada wenzake wawili walioegemea ukuta hapo benchini.

Yule waliyemwita Kapteni, ingawa baharini hupanda feri ya kwenda kwa daktari tu, ndiye aliyeanza.

— Maharamia, bwana. Walileta ngazi. Stamatia wa kwanza akatokea ukutani, akawaambia mwisho hapo hapo. Ndiyo maana wahenga walisema mpanda ngazi hushuka.

— Hizo kamba, alisema Redio, asiyenyamaza hata kanisani. Ilikuwa tauni. Imemaliza visiwa vyote, kufika mlangoni kwake ikageuza.

— Vyote viwili, alisema Lefteris, kifua mbele. Na jua pia. Lilimsubiri mpaka akamaliza kuvuna zeituni.

Myrto alikuwa amefika na mtoto begani, akayasikia yote. Aliwauliza jambo moja tu.

— Mke wako, baba, nani alimpa jina hilo, na kwa nini?

Miaka arobaini wanakunywa kahawa ya Stamatia, na hakuna aliyejua. Lefteris aliyakodolea macho masimbi ya kahawa kikombeni. Mkewe, aliyekuwa akiondoa vikombe, ndiye aliyejibu.

— Baba yangu. Nilikuwa binti wa tano. Aliniita hivyo ili wasichana wakome, waje wavulana.

Lefteris aliona jina limekwenda na maji.

— Wakakoma, mama? aliuliza Myrto.

— Wakaja watatu tena. Wasichana. Sisi wanane tulimtunza baba mpaka tukamzika, na huo ukuta wanaouegemea hawa tuliujenga kwa mikono yetu.

Myrto alimweka mtoto mapajani mwa Lefteris.

— Mshike Stamatia, baba.

Lefteris hakumkumbusha habari ya maji ya ubatizo. Alimpokea mjukuu wake, akakaa wima, mgongo usiuguse ukuta.